Iambie ikuulize kwanza

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Alipokuja kwetu likizo, usiku wa kwanza nilimkuta sebuleni na simu, ananakili jibu la fizikia neno kwa neno kutoka kwenye programu ya akili mnemba. Kanuni ya tatu ya Newton. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Nikamwomba afunge daftari, nikamuuliza: basi la mkoani na bajaji zikigongana uso kwa uso, ipi inapata kani, yaani nguvu ya msukumo, iliyo kubwa zaidi?

"Bajaji, mjomba." Hakusita hata kidogo.

Swali lile sikulitunga mimi, nilibadilisha magari tu. Linatokana na AutoTutor, programu iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1990 na Arthur Graesser na wenzake katika Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani. Ilimuuliza mwanafunzi habari ya lori na gari dogo, kisha ikamsikiliza. Akijibu nusu, haikummalizia. Ilimhimiza aongeze, ikampa kidokezo, ikamwachia sentensi yenye pengo la neno moja, na akishindwa kote huko ndipo ikasema yenyewe. Mwalimu mzuri wa tuisheni hufanya hivyohivyo.

Programu za siku hizi zinajua mengi kuliko ile, lakini ukiziomba jibu zinakupa jibu. Kwa hiyo usiombe jibu. Usiku ule tuliandika hivi, kwa Kiswahili: "Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nifundishe kanuni ya tatu ya Newton kwa kuniuliza swali mojamoja. Usinipe jibu mpaka nijaribu mara tatu. Nikikosea, niulize kwa nini nimefikiri hivyo."

Akaandika kwamba bajaji inaumia zaidi. Ikamuuliza: kuumia na kupata kani ni kitu kimoja? Kijana akanyamaza. Akafuta alichoanza kuandika, akaandika tena, akafuta. Nilitamani sana kumsaidia, nikajizuia, maana kimya kile ndicho nilichokuwa nakitafuta. Baada ya dakika ishirini hivi akawa amefika mwenyewe: kani ni sawa pande zote mbili, ila bajaji ina tungamo dogo, yaani kiasi kidogo cha maada, kwa hiyo mwendo wake ndio unaobadilika zaidi. Akaenda jikoni kumweleza bibi yake, anagonganisha vifuniko vya sufuria.

Mwaka 2011 mtafiti Kurt VanLehn alipitia tafiti nyingi za ufundishaji wa mtu mmoja mmoja. Aliona kwamba programu zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua ziliwafaidisha wanafunzi karibu sawa na mwalimu wa kibinadamu. Zile zinazokagua jibu la mwisho tu zilibaki nyuma sana. Kwa hiyo mzazi, ukimkuta mtoto na simu, mwombe akuonyeshe mazungumzo yenyewe. Kama aliyeandika mistari mingi ni mashine, na mtoto kaandika "sawa" na "endelea", hajasoma kitu.

La lugha nalisisitiza. Sekondari zetu zinafundisha fizikia kwa Kiingereza, na watoto wengi wanakariri sentensi wasiyoielewa. Mwache abishane na mashine kwa Kiswahili mpaka aelewe. Akishaelewa, aandike jibu lake kwa Kiingereza cha mtihani, kisha aombe arekebishwe lugha tu. Mpwa wangu alikuwa anaandika mistari miwili, sasa anajaza nusu ukurasa.

Jihadhari na sifa. Programu moja tuliyoitumia ilimwambia "umejibu vizuri sana" wakati alikuwa amechanganya uzito na tungamo. Tangu hapo kitabu cha kiada kinakaa wazi mezani, na kila hitimisho tunalipeleka huko kabla ya kulala. Bando halikutusumbua, maandishi yanakula kidogo kuliko video.

Na kama simu haipo, wanafunzi wawili wanatosha: mmoja ashike kitabu na kuuliza, mwingine ajieleze, na mwenye kitabu asitoe jibu mapema.

Juzi nimempa swali jingine la wale watu wa AutoTutor. Mvulana yumo ndani ya lifti iliyokatika kamba, inaanguka. Ameshika funguo mbele ya uso wake, anaziachia. Zitakwenda wapi? Ameshaandika majibu mawili na kuyafuta yote. Asubuhi hii kaniuliza tena wakati wa chai. Simwambii.