Hela za wachezaji wa vyuo Marekani: namba zinatoka wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi naishi Columbus, Ohio, huku stori ni hela wanazolipwa wachezaji wa chuo cha Ohio State, huyu anasema dola milioni 20 yule anasema zaidi. Wanajuaje? Na unalinganishaje chuo na chuo?

JIBU: Marahaba. Hiyo milioni 20 ina mwenyewe, aliitaja mkurugenzi wao wa michezo Ross Bjork mwaka 2024 kuhusu kikosi cha futiboli ya Kimarekani, na Januari 2025 wakabeba ubingwa wa vyuo. Namba nyingi zingine hazina mwenyewe. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, basi matajiri mashabiki wakaanzisha vikundi vya kuchanga hela za kuwalipa, na kwa kuwa ni vya binafsi havilazimiki kuonyesha mikataba, vile tu vilivyosajiliwa kama vya hisani ndo vinajaza fomu 990 ya kodi ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, ila inatoka kwa kuchelewa na inakupa jumla, haikuambii nani kalipwa ngapi. Zile thamani za wachezaji zinazotolewa na On3, tovuti ya michezo ya vyuo, ni makadirio ya kompyuta, wanaangalia kiwango cha mchezaji na wafuasi wake mtandaoni, sio hela iliyoingia benki. Wengi wanachanganya hapo na inaniuma sana!

Kulinganisha, uliza kwanza ni mwaka gani na kuna nini ndani. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kulipa, mwaka wa kwanza kila chuo mwisho kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote, kwa hiyo ukiweka namba ya 2024 ya hela za vile vikundi peke yake kando ya bajeti ya chuo ya 2025 unajidanganya.