Re: Trekta ya zamani inatoa moshi mweusi ikilima

Habari ndugu. Umesema Massey Ferguson 35 yako ya dizeli inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu ikilima, ingawa nozeli (vinyunyizio vya dizeli) ni mpya. Kabla hujagusa pampu ya dizeli, fungua bakuli la oili chini ya kisafisha hewa. Langu nililikuta na tope zito kama uji. Injini ilikuwa inavuta hewa kwa shida. Mwaga, osha bakuli na wavu kwa dizeli, acha vichuruzike vizuri, kisha tia oili safi ya injini hadi kwenye alama tu. Usizidishe! Oili ikizidi huvutwa ndani, na injini inaweza kuzunguka kasi yenyewe bila kudhibitika ikagoma kuzimika. Halafu kunja kwa mkono mpira unaopeleka hewa kutoka kisafisha hewa hadi injini, nyufa zitajionyesha. Hata ufa mdogo hupitisha vumbi linalokula ringi za pistoni na silinda.