Halloween na mtoto: nguo chukua popote, ila rangi ya uso kanunue duka la mavazi ya maigizo

Dada uliyeuliza habari za Halloween, ile siku ya tarehe 31 Oktoba watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende, umesema mmehamia Saint Paul huku Marekani mwaka huu, mtoto yuko darasa la pili, anataka kuwa mifupa inayotembea na hujui uanzie duka gani. Mimi niko huku Minnesota muda mrefu na wanangu wote wamepitia hiyo kitu, ngoja nikujibu kwa urefu maana wengi wetu hela tunaipeleka sipo.

Nguo isikuumize kichwa. Yale maduka ya msimu kama Spirit Halloween, yanayofungua kwenye majengo yaliyokaa tupu kisha mwezi wa 11 yanafunga, yana kila aina ya kostyumu ila nyingi ni kitambaa chepesi cha kuvaliwa usiku mmoja. Kwa mifupa nenda Goodwill, mitumba yao iko safi, tafuta suruali nyeusi na fulana nyeusi ya mikono mirefu, mifupa mchoree mwenyewe kwa rangi nyeupe ya kitambaa. Chukua saizi kubwa ili jaketi likae NDANI, kwa sababu tarehe 31 Oktoba huku baridi imeshafika, wenyeji mpaka leo wanasimulia ile dhoruba ya theluji ya 1991 iliyoanza siku hiyo hiyo ya Halloween. Ukimvalisha jaketi juu mtoto atalia mtaa mzima kwamba hamna anayeona mifupa yake, na ana haki.

Sasa rangi ya uso ndo pa kutoa hela. Vile vipakti vya bei chee vya supamaketi vyenye vijiti kama krayoni, rangi nyeupe kwenye ngozi yetu nyeusi inageuka kijivu kama mtu hajapaka mafuta wiki nzima, nyekundu ndo haionekani kabisa. Tafuta duka la mavazi ya maigizo, yale yanayohudumia watu wa jukwaani mwaka mzima, utakuta rangi za kampuni kama Mehron (hawa wako kwenye kazi hii tangu 1927), Ben Nye, Kryolan, na Snazaroo ambayo watoto wengi huku wanapakwa. Rangi zao zimekolea, na wauzaji wengi wamewahi kupaka watu kwa ajili ya jukwaa kwa hiyo wanajua wanachokuuzia. Usione aibu, muombe akupake kidogo mkononi, simama mlangoni kwenye mwanga wa jua uangalie.

Mimi nilikutana na mama mmoja muuzaji kwenye duka la namna hiyo, mwanangu naye alitaka fuvu la kichwa. Nilikuwa nimeshika kopo kubwa la nyeupe, akanirudishia kadogo. Akasema mtoto mweusi usimpake uso mzima mweupe, paka pale tu penye mfupa, paji la uso, juu ya mashavu, taya, na meno unayachora juu ya midomo, mashimo ya macho na mabonde ya mashavu unaiacha ngozi yake yenyewe halafu unaongeza nyeusi kidogo katikati. Aisee lile fuvu lilitoka limezama kweli kweli, kuliko la watoto waliopakwa uso mzima. Na nyeupe usisugue, gongagonga na sponji, safu nyembamba, ikauke, ndo urudie ya pili.

Kwa mtoto chukua rangi ya maji, inakauka haraka na inatoka kwa sabuni na maji. Ile ya mafuta inakolea zaidi lakini lazima uifunge na poda, la sivyo itaishia kwenye kola na kiti cha gari, na kuitoa unaanza na mafuta ya nazi au mafuta ya mtoto kabla ya sabuni. Leteksi ya maji, yaani mpira wa majimaji wa kutengenezea vidonda vya bandia, achana nayo kwa umri huo, inang'oa vinyweleo na kuna watu mpira unawadhuru, kama mtoto huwa anawashwa na maputo au glavu usiisogeze kabisa. Yoyote utakayonunua mpake ndani ya mkono siku kadhaa kabla, uone kama atawashwa au kuvimba.

Lenzi za macho za rangi ambazo vijana wanazipenda, hata zile zisizosaidia kuona, sheria ya Marekani inataka cheti cha daktari wa macho. Duka linalokuuzia bila kukuuliza cheti ondoka, jicho la mtu linaweza kuharibika moja kwa moja.

Nenda mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba, siku ya kazi. Wiki ya mwisho foleni inafika nje, nyeupe na nyeusi zimeisha na hakuna mtu ana nafasi ya kukuelekeza. Uliza pia habari ya kurudisha, rangi na wigi vikishafunguliwa maduka mengi hayapokei. Na kabla hujalipa chochote mpigie mwalimu, shule nyingine haziruhusu vinyago wala damu ya bandia, nyingine hazifanyi Halloween kabisa, hapo mtoto utampaka jioni nyumbani kabla hamjatoka kuzunguka.