Maswali na majibu: mita inaposoma sifuri, na mitego mingine ya utafiti

Nimeingiza kwenye AlphaFold, programu ya kukisia maumbo ya protini, mfuatano wa beta ya hemoglobini ya kawaida, kisha wa selimundu. Maumbo yametoka karibu sawa. Nimekosea wapi?

Anza kwa kukagua herufi uliyobadilisha; kila herufi ni asidi amino moja. Vitabu husema asidi ya glutamiki (E) ya nafasi ya 6 imegeuka valini (V). Hesabu hiyo huiruka methionini ya mwanzo, ambayo seli huikata. Mfuatano wa UniProt (hazina ya mtandaoni ya protini), namba P68871, bado unayo: una herufi 147 na unaanza MVHLTPEEK. Ukihesabu hadi 6 unaangukia P, yaani umeharibu prolini na selimundu hujaigusa. E unayoitaka ni ya 7.

Hata ukiipata, maumbo yatafanana, na hilo si kosa lako. Molekuli moja ya selimundu ikiwa peke yake haina umbo la ajabu. Balaa huanza oksijeni ikiondoka: valini ya molekuli moja hujichomeka kwenye kijishimo cha jirani yake, nazo zinaungana kuwa nyuzi ndefu zinazokunja seli ya damu. AlphaFold hukisia umbo. Athari ya kubadilisha herufi moja si jambo la kuiuliza.

Na ukifungua faili lake, alama za uhakika (pLDDT, 0 hadi 100) zimewekwa kwenye safu ya B. Kwenye mafaili ya fuwele za maabara, namba kubwa katika safu hiyo huashiria sehemu inayoyumba. Hapa ni kinyume: kubwa ndiyo nzuri. Zaidi ya 90 itegemee. Chini ya 50 usiitafsiri kama umbo kabisa, mara nyingi ni kipande cha protini kisicho na umbo maalumu.

Mimi ni fundi umeme. Mita yangu ikisoma ohm 0.0 kwenye kipande cha waya, kwa nini nisiseme ni supakondakta, yaani kitu kisicho na ukinzani kabisa? Na ile LK-99 ya Korea iliishia wapi?

Sifuri ya mita yako ina maana moja tu, fundi: ukinzani uko chini ya kile inachoweza kuona. Tena inapima na ukinzani wa nyaya zake na wa pale ncha zinapogusa. Maabara hutumia nyaya nne. Mbili za nje hupitisha mkondo, mbili za ndani husoma volteji, hivyo ukinzani wa maungio hauingii kwenye hesabu. Kisha mkondo hugeuzwa na kusomwa tena, ili volteji ndogo inayozaliwa na tofauti ya joto kwenye maungio ijifute. Hata hapo kuna mtego: sampuli ikiwa na ufa, mkondo unaweza kuzunguka mbali na nyaya za ndani, volteji ikasoma karibu sifuri. Ndiyo maana hudaiwa ushahidi wa pili: ukiipoza sampuli ndani ya uga wa sumaku, supakondakta wa kweli huufukuza uga huo.

LK-99 ilitangazwa Julai 2023. Dai lilikuwa supakondakta kwenye joto la kawaida la chumba, na grafu ilionyesha ukinzani ukiporomoka ghafla karibu na nyuzijoto 104. Jibu lilikuwa kwenye mapishi yenyewe. Oksidi ya risasi na salfeti ya risasi huchomwa pamoja kwa nyuzijoto 725. Shaba na fosforasi kwa 550. Kisha mazao hayo mawili husagwa pamoja na kuchomwa kwa 925 ndani ya bomba lisilo na hewa. Salfa ya ile salfeti haina pa kwenda, inashikana na shaba kuwa salfaidi ya shaba, Cu₂S. Na Cu₂S hubadilisha mpangilio wa atomi zake karibu na nyuzijoto 104, ukinzani wake ukishuka mno ila bila kufika sifuri. Watafiti wa Max Planck mjini Stuttgart walipokuza fuwele safi zisizo na salfa, walipata kihami chenye ukinzani wa mamilioni ya ohm. Video za kipande kinachoelea nusu hazikuwa ushahidi. Sumaku ya kawaida iliyochanganyika humo inatosha kukiinua upande mmoja.

Ni kweli chenga za televisheni za zamani zilitoka kwenye Mlipuko Mkuu?

Kidogo sana. Mnururisho wa kale, mabaki ya Mlipuko Mkuu, una joto la kelvini 2.7, wakati ardhi na kuta zinazoizunguka antena zina karibu 300. Gawanya: kama asilimia 1.

Mwaka 2014 walitangaza mawimbi ya uvutano ya mwanzo wa ulimwengu, kisha kimya. Kulikoni?

Hiyo ni BICEP2, darubini ya Ncha ya Kusini, tangazo la 17 Machi 2014. Ilitafuta alama ya mawimbi hayo katika mwelekeo wa mtetemo wa mnururisho wa kale, lakini ilipima masafa mamoja tu, gigahezi 150. Vumbi la galaksi yetu nalo hutoa mnururisho wenye mwelekeo unaofanana na huo, na hung'aa zaidi masafa yanapopanda. Kwa masafa mamoja huwezi kulitenga. Setilaiti ya Planck, iliyopima mnururisho huohuo, ilikuwa na gigahezi 353, ambako vumbi ndilo linalotawala. Data zilipounganishwa mwaka 2015, dai la 0.2 (nguvu ya mawimbi ya uvutano ikilinganishwa na ya mitetemo ya msongamano wa mwanzo) liligeuka kikomo: chini ya 0.12. Timu hiyohiyo iliongeza gigahezi 95 na 220, na mwaka 2021 kikomo kikashuka hadi 0.036.

Laptop ya RAM GB 8 inaweza kufungua ramani za Planck?

Inaweza. Ramani ya Nside 2048 (kipimo cha jinsi anga lilivyogawanywa vipande) ina pikseli 50,331,648, karibu MB 200 kwa kila safu. Za Planck hupangwa kwa mtindo wa NESTED, ambapo pikseli jirani huwekwa kwa makundi. Ukisoma kwa astropy (maktaba ya Python) bila kulitaja hilo unapochora, anga litatoka kama viraka vilivyochanganywa. Na ukipata wastani wa -10 ukifuatwa na sufuri ishirini na kitu, hujagundua fizikia mpya: umejumlisha na pikseli tupu, ambazo huandikwa -1.6375e30.