Kadi ya RAID ya mtumba: uliza betri kabla hujauliza bei

SWALI: Salaam aleikum. Mimi hupiga video za harusi, studio iko Majengo hapa Mombasa. Nna mashine ya zamani ya mezani nataka niitie diski nne za terabaiti 4, ziwe kitu kimoja, yaani RAID, ili moja ikifa kazi za watu zisipotee. Fundi mmoja Mwembe Tayari ana kadi ya PERC 6/i anataka 1,500, asema imetoka kwenye seva ya Dell na iko sawa kabisa. Mwengine ana LSI MegaRAID 9260-8i, huyu anataka 5,000 na waya hatoi. Si nichukue tu hiyo rahisi?
– Mpiga video, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo ya 1,500 iwache, hata akikupa bure iwache. Si kwamba ni mbovu, ni kwamba PERC 6/i mwisho wake ni diski ya terabaiti 2, ukiitia yako ya 4 itaiona nusu tu na nusu ya pili umeitupa baharini. Watu wengi huambiwa kadi hii ni ya pole kwa vile ni ya gigabiti 3 kwa sekunde lakini hilo si tatizo, diski ya kuzunguka haifiki hata huko, tatizo ni huo ukomo wa terabaiti 2 na hakuna famwea (programu ya ndani ya kadi) ya kuutoa.

Hiyo 9260-8i ni kadi nzuri, hubeba diski nane, ina keshi (kumbukumbu ya muda) ya megabaiti 512, na ndugu zake ni IBM ServeRAID M5015 na Dell PERC H700, zote zina chipu ileile ya LSI SAS2108, kwa hivyo ukikutana na mojawapo kwa bei ya chini chukua bila wasiwasi. Ila ukipewa H700 hakikisha famwea imesasishwa, za mwanzo zilikuwa zakataa diski zisizo za Dell. Na Dell PERC H710 ukiambiwa ni "Mini" usinunue, ile haiingii kwenye sloti ya kawaida, ni ya kwenye seva zake tu. Kadi za HP P410 nazo ziko, lakini geuza uangalie kama ina kile kibao kidogo cha keshi kimechomekwa pembeni, kama hakipo basi RAID 5, ule mpango wa diski moja ikifa data yabaki, huipati.

Sasa nataka unisikize vizuri kwenye betri, maana hapa ndipo watu wanapolia. Kadi hizi zina kasi kwa sababu ya keshi: kompyuta ikileta data kadi yaipokea kwenye kumbukumbu yake, yajibu "tayari nimeandika", na kumbe bado haijafika kwenye diski. Stima ikikatika hapo hapo, betri ndiyo inayoishikilia hiyo data mpaka stima irudi. Betri ikiwa imekufa, kadi yenyewe hujirudisha kwenye hali ya kuandika moja kwa moja kwenye diski na RAID 5 inakuwa nzito kama punda wa Mji wa Kale saa sita mchana, ndipo fundi anakwambia ngoja nikulazimishie iende kasi. Usikubali! Mimi yalinifika, kwenye ofisi moja niliyokuwa nikiwaangalizia mashine, betri ilikuwa imekufa nami nikalazimisha, stima ikaenda jioni ya mvua na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi, asubuhi nafungua folda faili ziko na majina yake yote, ukibonyeza ndani tupu. Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mama wa hesabu roho yaniuma.

Kwa hivyo ukienda dukani mwambie aiwashe mbele yako. Mashine inapowaka, LSI na IBM ubonyeze Ctrl+H, Dell ni Ctrl+R, ingia utazame hali ya betri. Kisha ishike mkononi: betri iliyovimba utaihisi kwa kidole, plastiki yake imeinuka katikati. Angalia yale meno ya dhahabu ya chini, hapa kwetu hewa ina chumvi, ukiona ukijani-ukijani rudisha. Betri ikiwa imekufa lakini kadi nzima, bei ishuke na upige hesabu ya betri mpya kabisa, usiseme ntanunua baadaye.

Waya ni wa plagi ya SFF-8087 (ya upande wa kadi) kwenda plagi nne za SATA (za diski), na uwe wa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, kuna mwengine unafanana nao lakini ni wa kinyume, haufanyi kazi. Feni pia ni lazima. Kadi hizi zimezoea upepo wa seva, na joto letu hili la Februari ukiigusa ile aluminiamu ya juu baada ya nusu saa utatoa kidole mbio. Funga feni ndogo iipulizie.

Na pesa zikikataa? Mazabodi yako ikiwa na tundu tano za SATA, nne za hizo diski na moja ya diski ya mfumo, tia Linux na utumie mdadm, programu yake ya RAID, hakuna kadi, hakuna betri, na mashine ikifa unahamisha diski kwenye nyengine yoyote yenye Linux zinasoma. Kadi ya RAID ikifa yataka utafute ya jamii ileile. Kwa studio yako mimi kusema kweli ningeanzia huko, na zile 5,000 ningetia kwenye UPS (kifaa cha kushikilia stima ikikatika) na diski moja ya nje ya bekapu ikae nyumbani, kwa sababu ukifuta video ya kupamba ya bibi harusi kwa makosa, RAID itaifuta kwenye diski zote nne bila kukuuliza.

SWALI: Nimetia kadi ya RAID ya Dell, PERC H310, kwenye kompyuta ya kawaida, skrini nyeusi, haiwaki kabisa. Nikiitoa yawaka. Imekufa?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Huenda haijakufa. Mazabodi nyingi za kawaida hugombana na kadi hizi kwenye pini mbili, yaani mawili ya yale meno ya dhahabu ya chini. Upande wenye chipu, hesabu meno kuanzia kwenye bati la kufungia skrubu, la tano na la sita yafunike kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton, ile ya rangi ya asali. Selotepu ya kawaida usitumie, ikipata joto gundi itabaki ndani ya sloti. Zima, chomoa waya wa stima, bandika, jaribu tena.