Kutoa redio iliyokuja na gari: chunga plastiki, usikubali soketi ikatwe

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza, na redio zake zimetengenezwa kwa masafa ya huko: FM kuanzia 76 hadi 90, zile za karibuni hadi 95. Huku kwetu stesheni zinapanda mpaka 108. Ndiyo maana mtu anatoa gari bandarini, anabaki na stesheni mbili tatu na skrini ya Kijapani. Uwe unataka redio mpya au ekspanda tu ya kushusha masafa, lazima redio itoke, kwa sababu waya wa antena unachomekwa nyuma yake.

Nimetoa redio kwenye Toyota zangu na za ndugu zangu. Kazi si ngumu, ila haraka ndiyo inayoiharibu. Redio mpya ikifa utanunua nyingine, lakini dashibodi iliyovunjika vibanio na waya zilizokatwa ovyo utaishi nazo mpaka siku unauza gari.

Angalia kwanza kama redio yako ni ya ramani. Nyingi za aina hiyo umeme ukikatika zinajifunga, kisha zinadai kadi ya SD ya ramani au namba ya siri. Kama unataka kuendelea kuitumia, hakikisha kadi ipo. Kama gari ni otomatiki, vuta hendibreki na ushushe gia chini kabisa kabla hujagusa betri, maana bila umeme gia haitoki kwenye P, yaani ya kuegesha, na ikibaki juu itakuzuia kuvuta kava. Halafu fungua upande wa hasi wa betri kwa spana namba 10, usubiri dakika moja na nusu au zaidi. Mfumo wa eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, hubaki na umeme kidogo hata betri ikishafunguliwa.

Kava linalozunguka redio mara nyingi halina skrubu, linashikwa na vibanio tu. Tumia kifaa cha plastiki cha kubandulia. Kama huna, funga kitambaa kwenye bisibisi bapa, maana chuma kitupu kinaacha alama isiyofutika. Anzia pembe ya chini, usogee kidogo kidogo hadi usikie kila kibanio kikiachia. Gari lililokaa juani miaka mingi plastiki yake imekauka, kwa hiyo usivute kwa mkono mmoja upande mmoja. Likiachia, usilinyofoe: nyuma yake kuna plagi ya swichi ya hazadi, na kwenye baadhi ya magari za AC pia. Bonyeza kikufuli cha plagi, shika plagi yenyewe na si waya. Baada ya hapo utaona bolti, kwa kawaida nne za namba 10, na redio inatoka na vyuma vyake vya pembeni.

Sasa waya. Toyota nyingi zina soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na adapta yake inauzwa madukani kwa bei ndogo. Inunue. Fundi akikwambia anakata aunge kwa rangi, mzuie. Kijivu cha Toyota ni umeme wa ACC, unaokuja ukizungusha ufunguo. Kijivu cha redio mpya ni spika ya mbele kulia. Ukiunga kijivu kwa kijivu umepeleka volti 12 kwenye waya wa spika, na redio inaweza kuungua hapo hapo. Gari la mdogo wangu lilikatwa soketi hivyo hivyo, waya zikafungwa tepu, tepu ikalegea kwa joto, fyuzi ikawa inakatika kila mara. Tulishinda na tochi mchana kutwa tukitafuta upi wa nini.

Pima pia upana. Redio nyingi za Toyota ni milimita 200, na za kawaida ni 178. Usipoagiza ya 200 au fremu ya kuziba, utabaki na mianya pembeni.

Usirudishe kava kabla ya kujaribu. Chomeka plagi zote ulizochomoa, taa ya eabegi isije ikabaki inawaka, ndipo urudishe betri. Sikiliza spika moja moja, bonyeza hazadi, kisha zima gari na utoe ufunguo. Redio isipozima, inakunywa betri. Ikizima lakini ikasahau stesheni na saa, waya wa umeme wa kudumu, yaani wa njano wa redio mpya, umebadilishana na mwekundu, ambao ni wa ACC.

Redio ya zamani usimwachie fundi. Vile vyuma vya pembeni vinafungwa kwenye redio mpya, na mnunuzi wa kesho anaweza kuitaka ya mwanzo. Hesabu vyuma viwili na bolti zake zote ungali hapo gereji.