Maswali ya Wasomaji: Ada Umelipa, Sasa Chama cha Waandishi Kikufae Vipi?

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinahusu jambo moja: mtu amejiunga na chama cha waandishi, kisha hajui afanye nini na uanachama wake. Nimezifupisha ili nizijibu nyingi kwa pamoja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu mwaka jana nalipa ada ya chama, lakini sijapata zaidi ya kadi na taarifa za vikao. Je, niendelee? (Mwalimu, Pasua, Moshi)

Mwalimu, barua yako imetaja ada, kadi na vikao, lakini haikutaja mswada hata mmoja uliowahi kuupeleka mbele ya wenzako. Hapo ndipo ningependa tuanzie. Hazina ya chama cha waandishi ni watu wanaosoma kwa makini, na watu hao hawawezi kukufaa ikiwa kazi yako bado imefungiwa kabatini. Ninyi wa Kilimanjaro mnalifahamu jambo hili tangu KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilipoundwa mwaka 1933: mkulima aliyekuwa mwanachama lakini hakupeleka kahawa hakuwa na malipo ya kusubiri msimu ulipokwisha.

Mwombe katibu akupangie zamu. Usipeleke riwaya nzima. Kurasa tano au sita zinatosha, na wanachama wazipate siku kadhaa kabla ya kikao ili wazisome kwa utulivu nyumbani. Waeleze pia unachotaka kukijua. Ukiuliza, “Mnaionaje?” utajibiwa kwamba ni nzuri, na utarudi nyumbani kama ulivyokuja. Ukiwaomba wakuonyeshe mahali walipochoka, mahali walipolazimika kurudia sentensi, au mhusika waliyemsahau, watakupa kitu cha kufanyia kazi usiku huohuo.

Upande wa pili wa wajibu huo ni kusoma kazi za wengine, na kwa maoni yangu faida kubwa zaidi imo humo. Mtu aliyezoea kushika penseli na kutafuta ni kwa nini sura ya mwenzake imelegea huanza kuuona ulegevu huohuo katika sura zake mwenyewe, jambo ambalo hakuna semina inayoweza kumfundisha kwa siku moja. Jaribu hivyo kwa zamu kadhaa. Ikiwa baada ya hapo hakuna aliyekusoma, utakuwa na sababu ya haki ya kuondoka.

Natunga mashairi ya mapokeo, lakini chama chetu kimejaa waandishi wa riwaya na hadithi fupi. Kuna faida gani kukaa nao? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

Ninaelewa hamu yako ya kuwa na watunzi wenzako. Ushairi wetu una historia yake ya vyama: UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, kilianzishwa mwaka 1959, na miaka mitano kabla yake Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja wa mpira wa hapo mjini kwenu umepewa jina lake, alikwisha kuzichapisha sheria za kutunga mashairi. Tafuta washairi kwa bidii, lakini usiwakimbie hao ulio nao.

Chukua mshororo huu: “Ngarenaro nilipofika, jua lilikwisha zama.” Kwa macho unapita bila tatizo. Usome kwa sauti mbele ya watu, hata wasiojua kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo, nawe utawaona wanasita katika kipande cha kwanza, kwa sababu kina mizani tisa na cha pili kina nane. Sema “Ngarenaro nimefika, jua limekwisha zama,” na pande zote mbili zinakaa kwenye nane. Sikio la msikilizaji yeyote wa Kiswahili linaweza kukufanyia kazi hiyo.

Mwandishi wa riwaya atakupa jingine ambalo mshairi mwenzako huenda asikupe. Atakuuliza ni nani anayefika Ngarenaro, alikuwa anatoka wapi, na kwa nini kuzama kwa jua kumhangaishe. Nimesoma mashairi mengi yenye vina visivyo na dosari lakini yasiyo na mtu ndani yake, na ninaamini kwamba watunzi wake walizoea kusifiwa vina tu. Wewe nawe uwasaidie kusikia sentensi zao, maana wengi wao hawajawahi kuzisoma kwa sauti.

Naogopa kusoma mswada wangu kikaoni nisije nikaibiwa. Nifanye nini? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiandika, hata kabla hujaisajili popote, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kuisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ijulikanayo kama COSOTA, kunakuongezea ushahidi iwapo mgogoro utatokea. Tunza rasimu zako zenye tarehe, na orodha ya mahudhurio ya kikao iandikwe. Elewa hata hivyo kwamba sheria hailindi wazo tupu. Hadithi ya binti anayekimbilia mjini si mali ya mtu mmoja. Kilicho chako ni namna ulivyoiandika.

Mwanachama mmoja mkongwe alisema mbele ya wote kwamba hadithi yangu haifai. Tangu hapo sijaandika. (Dada, Usa River)

Pole sana, dada yangu. Mkongwe huyo alitoa hukumu, na hukumu haimsaidii mwandishi kurekebisha hata aya moja. Msomaji wa mswada ana wajibu wa kutaja mahali: ukurasa wa pili, pale mama anapoingia, sikujua kama ana hasira au hofu. Maneno ya namna hiyo yanaweza kuuma, lakini yanakuachia kazi ya kufanya.

Mwandikie mwenyekiti, kwa heshima, ukipendekeza utaratibu ambao vyama vingi vingefaidika nao: mwandishi anyamaze wakati kazi yake inajadiliwa, kila msomaji aanze na kile kilichomshika, kisha ataje mahali alipokwama, na mtu asiseme “inafaa” wala “haifai.” Hadithi hiyohiyo uirudishe kwa wasomaji wawili unaowaamini. Nakusihi usikubali sentensi ya mtu mmoja iwe mwisho wa uandishi wako.

Vikao ni vya jioni, nami nina watoto wadogo na genge la mboga. (Mama, Kiboroloni, Moshi)

Mama, tafuta mwanachama mmoja anayeishi karibu nawe, mbadilishane kurasa kila baada ya wiki mbili na kusomana kwa wakati wenu. Uanachama wa watu wawili wanaosomana kwa uaminifu ni kamili kabisa.

Viongozi wetu hawasomi mapato na matumizi. Tufanyeje? (Mwanachama, Njiro)

Ombeni nakala ya katiba ya chama, tazameni inasema nini kuhusu mkutano mkuu na taarifa ya fedha, kisha ombeni kwa maandishi kipengele hicho kitekelezwe. Ada ni yenu, na kuuliza si utovu wa adabu.

Shikamoo. Je, chama kitanisaidia kuchapishwa au kushinda tuzo? (Kijana, Soweto, Moshi)

Marahaba, kijana wangu. Chama hakiwezi kukuahidi lolote kati ya hayo, lakini kinaweza kuhakikisha habari zinakufikia mapema na mswada wako unaondoka ukiwa umesomwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mwenzako aliyekwisha kuiomba atakuonyesha njia.

Siku mchapishaji atakapokupa mkataba, usiutie saini kabla hujauketia na mwanachama aliyewahi kusaini wake. Mwulize mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, unakokotolewa kwa bei ya kitabu dukani au kwa fedha anazopokea mchapishaji, hesabu za mauzo zinaletwa mara ngapi kwa mwaka, na haki zako zinakurudia lini ikiwa kitabu kimeisha na hakichapwi tena.